Msomeni panya kabla ya kutega: ushauri kwa mashamba yanayopakana na msitu

Mkulima wa Amani au kwingineko Usambara Mashariki akikuta mahindi yameharibiwa, mara nyingi hukimbilia sumu. Wazee waliokulia kando ya msitu huinama kwanza kusoma alama, nami nasisitiza tuwafuate, kwani kila mnyama ana dawa yake.

Mbegu zikifukuliwa mstari mzima, kishimo baada ya kishimo, huyo ni panya shamba. Ndiye adui mkubwa. Jike hubeba mimba siku 23 hivi na aghalabu huzaa watoto zaidi ya 10 kwa mkupuo, kwa hiyo vuli ikinyesha sana, jiandaeni mapema kwa masika. Mashina yaliyokatwa kwa mshazari, pamoja na vijia vilivyolala kwenye nyasi, ni ya ndezi. Muhogo ukinyauka, ukaung'oa na kukuta umeliwa chini kwa chini, mtafute fuko.

Buku, yule panya mkubwa wa msituni, ni habari nyingine. Huzidi kilo 1, nusu ya mwisho ya mkia wake ni nyeupe, na hubeba chakula mashavuni hadi shimoni. Ni kweli huiba mahindi, lakini humohumo msituni hubeba mbegu za msambu, ule mti ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta, na kuzifukia huku na huko. Asizozirudia huweza kuota. Kwa hiyo anayekusanya msambu asimmalize buku: arundike matunda yaliyoanguka, ayafunike kwa majani, mbegu zibaki salama huku nyama ya tunda ikioza. Buku anayeingia shambani ategwe mmojammoja, kwenye njia yake.

Kwa panya shamba, fyekeni kingo za shamba kabla ya kupanda, na majirani mpande kwa pamoja. Anayepanda peke yake hulisha panya wa kijiji kizima. Wiki 2 za kwanza baada ya kupanda ndizo za kulinda kwa nguvu zote. Fukieni ndoo, mdomo wake uwe sawa na ardhi, mtie maji hadi nusu, kisha pitisheni waya katikati ya gunzi lililopakwa siagi ya karanga na kuulaza juu ya mdomo wa ndoo. Panya akikanyaga gunzi, linazunguka, naye anatumbukia. Mtego huu haumgusi bundi, ambaye sumu nyingi humuua anapokula panya aliyekwishalishwa.

Jambo moja halina mjadala. Lushoto, huko Usambara Magharibi, imewahi kupata milipuko ya tauni tangu 1980, na viroboto wa panya ndio huieneza. Mkiona panya wanakufa ovyo ndani au kando ya nyumba bila kuwekewa sumu, msiwashike kwa mikono mitupu, wazuieni watoto, na siku hiyohiyo toeni taarifa zahanati.