Mbwa, mbweha na ini la mbuzi: kukata njia ya minyoo kwenye mashamba ya Lubumbashi

Kiangazi kikiingia na nyasi kuungua kandokando ya barabara za Kasenga na Kipushi, malalamiko juu ya mbweha huanza. Amezunguka banda la kuku, ameonekana karibu na zizi, ametafuna kondo la nyuma la mbuzi aliyezaa usiku. Mtego unategwa, na mtu anauliza: si huyu ndiye anayetuletea minyoo? Ni kweli anaibeba. Lakini ukifuata safari ya mnyoo wenyewe, mara nyingi utajikuta umerudi kwenye uwanja wako, pale ulipochinjia.

Mbweha wa huku Katanga, yule mwenye mstari ubavuni na ncha nyeupe ya mkia, anakula karibu kila kitu: panya, wadudu, matunda ya msituni, mizoga, na mabaki yetu. Tumboni mwake wanaweza kuishi minyoo wale wale wa mbwa, kwa kuwa ni jamaa wa karibu. Akinya malishoni, mayai yanabaki kwenye majani. Mbwa wako naye anafanya hivyo hivyo, tena kila siku, mbele ya mlango wa jikoni, na watoto wanamshika. Kama nguvu zako zinatosha kupambana na mmoja tu, anza na mbwa.

Kati ya minyoo hao wamo tegu, yaani minyoo bapa, na wa kuogopwa zaidi anaitwa Echinococcus granulosus. Ni mdogo mno, milimita 2 hadi 7, na mbwa anaweza kuwa na maelfu yao bila kukonda wala kuharisha. Mbuzi, kondoo, ng'ombe au nguruwe akimeza yai pamoja na majani, kiluwiluwi hutoboa utumbo, huingia kwenye damu na kukaa kwenye ini au mapafu, ambako hujenga mfuko wa maji unaokua polepole. Ndani ya mfuko mna vichwa vidogo vya tegu, kama mchanga mwembamba. Mbwa akilila ini hilo, kila kichwa kinaweza kuwa tegu mpya, na baada ya wiki 6 hivi anaanza kumwaga mayai. Hapo ndipo mzunguko unapofungika, na anayeufunga ni yule anayesema, "Hili ini baya, mpe mbwa."

Binadamu hapati ugonjwa huu kwa kula nyama ya mnyama mwenye mfuko. Anaupata kwa kumeza mayai ya kwenye mavi ya mbwa: mikononi, kwenye maji, kwenye nyanya isiyooshwa. Sombe (majani ya muhogo) na lengalenga (mchicha) zilizopikwa vizuri hazina shida, kwa kuwa moto unayaua mayai. Dawa za kawaida za kusafishia sakafu hazifui dafu mbele yake, na kwenye udongo wenye unyevu na kivuli yanaweza kudumu miezi mingi. Jua kali na ukavu ndivyo vinavyoyamaliza. Kwa hiyo bustani za mboga zilizo kwenye mabonde yenye maji zinahitaji uzio kuliko shamba la mahindi juu ya kilima, na mavi ya mbwa yasichanganywe kamwe na mbolea.

Siku ya kuchinja, funga mbwa kwanza, kisha ndipo unoe kisu. Pasua tumbo na uangalie. Mfuko uliozama ndani ya ini au pafu, mweupe, wenye ukuta mnene na uliokaza, ndio huo. Kifuko chembamba kinachoning'inia kwenye mafuta ya tumbo, chenye nukta moja nyeupe ndani, ni cha tegu mwingine wa mbwa, ambaye hamsumbui binadamu. Hata hivyo kinakwambia kwamba mbwa au mbweha amekunya malishoni kwako. Usitoboe chochote ili kuchungulia. Kata kiungo kizima, kichemshe kwa nusu saa au zaidi, au kichome kiwe majivu. Ukikosa kuni, kizike kwenye shimo la mita moja na nusu, mbali na kisima, lenye mawe mazito juu. Usichague ubavu wa kichuguu kwa sababu udongo wake ni rahisi kuchimba. Mbweha naye anapenda kufanya makao humo.

Kichwa cha mbuzi kina habari yake. Mbuzi au kondoo anayezunguka upande mmoja, anayeinamisha kichwa au kugonga ukuta kama kipofu, huenda ana mfuko wa tegu Taenia multiceps kwenye ubongo. Dalili zikishafika hapo, dawa ya minyoo ya dukani haitamsaidia. Mwite daktari wa mifugo, maana kichaa cha mbwa na magonjwa mengine yanaweza kufanana na hayo. Usikimbilie kuchinja wala kushika mate yake. Ikithibitika ni mfuko, kichwa kichomwe. Kumtupia mbwa kichwa hicho ni kujiandalia mbuzi wengine wa kuzunguka mwaka ujao.

Sasa dawa. Ivermektini, ambayo wengi wanayo nyumbani kwa ajili ya mbuzi, haiui tegu. Inayotakiwa kwa mbwa ni prazikwanteli, miligramu 5 kwa kila kilo ya mwili, yaani kidonge kimoja cha miligramu 50 kwa mbwa wa kilo 10. Vile vya kichocho vya binadamu vina miligramu 600. Kuvimega kwa kukisia ni mchezo mbaya. Kujua uzito si kazi: panda kwenye mizani ukiwa peke yako, kisha panda umembeba mbwa, utoe tofauti. Mahali penye kuchinja mara kwa mara, rudia kila baada ya wiki 6, na mbwa wote wa jirani wanyweshwe siku moja, la sivyo unapoteza fedha. Dawa inaua tegu lakini haiui mayai, hivyo mfunge mbwa siku mbili na uchome au uzike mavi yake. Watoto wa mbwa wana minyoo ya mviringo waliyoipata tangu tumboni mwa mama. Hao wanaanza dawa yao, pirantelini, wakiwa na wiki 2, na inarudiwa kila wiki 2 hadi waache kunyonya.

Kuhusu mbweha mwenyewe: Ulaya na Asia, mbweha mwekundu anabeba tegu mwingine anayezunguka kati yake na panya wa mashambani, bila mfugaji kuhusika. Ndiyo maana kusini mwa Ujerumani na kisiwani Hokkaido, Japani, waliwahi kutawanya chambo chenye dawa porini. Tegu huyo ni wa nchi za baridi za kaskazini. Wa kwetu anategemea mifugo na mabaki yake, na mwenye funguo za mabaki ni wewe. Mbweha akikosa ini na kondo la nyuma uwanjani, ataendelea na panya wake, kazi ambayo ghala lako la mahindi linaihitaji.

Ukimkuta amekufa, usimchune kwa mikono mitupu. Mfukie kwa jembe. Akitembea mchana bila kuogopa watu, hilo si jambo la minyoo tena, huenda ni kichaa cha mbwa: toa watoto nje ya njia yake, na upeleke habari kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.