Kadi ya ukaazi Ujerumani kwa mfanyakazi na familia yake: anza hivi

Viza ya kazi unayopewa ubalozini ni ya kuanzia tu. Kadi ya ukaazi unaiomba ukishafika, na kila mtu ana yake, hata mtoto mchanga. Nawapokea wafanyakazi wageni wanaokuja na familia, na wengi hukwama kwenye vyeti walivyotoka navyo nyumbani.

1. Kabla ya safari. Weka mezani pasipoti zote, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kisha soma majina herufi kwa herufi. Mke akiwa Asha Juma Bakari kwenye pasipoti na Asha Bakari kwenye cheti cha ndoa, rekebisha ukiwa bado kwenu. Kwa Tanzania Bara ni RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na ndoa. Ukiwa Ujerumani, marekebisho hayo ni mateso. Angalia pia pasipoti inaisha lini, maana kadi haizidi muda wa pasipoti.

2. Anwani. Ndani ya wiki mbili tangu kuhamia kwenye nyumba, jiandikisheni nyote kwenye ofisi ya wakazi. Hii ndiyo Anmeldung. Mkataba wa pango hautoshi: mwenye nyumba lazima akusainie fomu iitwayo Wohnungsgeberbestätigung. Siku hiyohiyo bandika majina ya ukoo ya wote kwenye sanduku la barua. Tarishi wa huko hufuata jina, na asipoliona barua ya miadi hurudi ilikotoka.

3. Maombi. Omba miadi Ausländerbehörde, yaani ofisi ya wageni, mapema kabisa, kwa sababu miji mikubwa ina foleni ndefu. Nenda na pasipoti, mkataba wa kazi, karatasi ya Anmeldung, uthibitisho wa bima ya afya wa kila mmoja, na vyeti vya familia vilivyotafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa. Alama za vidole huchukuliwa kuanzia umri wa miaka 6. Ada ni euro 100 kwa mtu mzima, nusu yake kwa mtoto.

Ukiwa na Blue Card, yaani kadi ya ukaazi ya wataalamu wenye mshahara wa kiwango kilichowekwa, mwenza wako hadaiwi cheti cha Kijerumani ili aje, na akipata kadi anaruhusiwa kufanya kazi. Mwambieni mapema, aanze kutafuta.

4. Viza ikikaribia kuisha. Peleka maombi kabla ya tarehe ya mwisho, hata kama miadi haijapatikana, na utunze ushahidi kwamba umeyapeleka. Kisha omba Fiktionsbescheinigung, karatasi ya kukulinda wakati unasubiri. Ifungue pale pale uone kisanduku kilichotiwa alama. Kinachotaja kifungu cha 81 aya ya 4 cha sheria ya ukaazi ya Ujerumani kinakuruhusu kutoka nchini na kurudi. Cha aya ya 3 hakikuruhusu. Kama una msiba au harusi nyumbani, usikate tiketi kabla ya kuangalia hapo.

5. Kuchukua kadi. Huchapwa Berlin na huchukua wiki kadhaa. Ukikabidhiwa, kagua jina, tarehe, na karatasi ya nyongeza iitwayo Zusatzblatt, ambayo mara nyingi ndiyo yenye masharti ya kazi. Usiitenganishe na kadi, mwajiri ataitaka.