Kipa wa hoki, inuka kabla mpira wa pili haujakufikia

Ukija Lugogo, uwanja wetu wa hoki hapa Kampala, wikendi mechi zikichezwa utaona kitu kimoja kinajirudia sana, kipa anaokoa mpira wa kwanza vizuri kabisa, watu wanapiga makofi, alafu wa pili unaingia yeye akiwa bado amelala pale chini. Na benchi zima linapiga kelele "amka! amka!" Hiyo kelele haimsaidii kipa hata kidogo, maana yeye anajua anatakiwa kuamka, kitu hajafundishwa ni aamke vipi. Kwenye klabu zetu kipa anapewa pedi (zile kinga nene za miguuni), anapigiwa mipira ishirini thelathini kabla ya mechi, basi imeisha. Mimi naona kuinuka inabidi ifundishwe kama vile tunavyofundisha kupiga kona, kwa sababu wala si swali la nguvu, ni swali la umeanguka vipi na unainua mguu gani kwanza.

Mengi nitakayosema nimeyachukua kwa makipa wa hoki ya barafu. Najua Uganda barafu hatuna, ya karibu ni ile ya hoteli ya Panari kule Nairobi ambako Ice Lions, timu ya hoki ya barafu ya Kenya, walianzia, lakini wale makipa wanashuka na kupanda mara nyingi sana hivyo hii kazi wameichambua vizuri. Goli lao lina upana wa mita 1.83 na urefu 1.22, letu lina upana wa 3.66 na urefu 2.14, yaani upana wetu ni mara mbili yao kamili. Kipa wa barafu akishuka kwa magoti huku miguu imefunguka pembeni, ile staili ya kipepeo ambayo Patrick Roy aliipa umaarufu, chini kote kunakuwa kumefungwa. Wewe ukifanya hivyo bado kuna nafasi kubwa kushoto, kulia na juu. Kwahiyo kama wao wanahitaji kuinuka haraka, sisi tunahitaji zaidi.

Sasa kanuni yenyewe, na ukisahau mengine yote shika hii: unainua mguu wa MBALI na mpira. Uko kwenye magoti, umeokoa, mpira umetoka kwenda kushoto kwako, unainua goti la kulia, unakanyaga chini, alafu huo mguu wa kulia ndo unakusukuma kwenda kushoto. Wengi wanafanya kinyume, mpira ukienda kushoto wanainua mguu wa kushoto kwa sababu mwili unataka kukimbilia huko, na hapo mambo mawili yanaharibika kwa pamoja. Kwanza huna kitu cha kukusukuma, mguu wa kulia umelala tu nyuma. Pili ile pedi ya kushoto ambayo ingeziba chini umeinyanyua, umemfungulia mshambuliaji mlango palepale anapotaka kupiga. Wa barafu akikanyaga, makali ya chuma cha kiatu chake yanauma barafu na anapata msukumo, wewe huna chuma kwahiyo kanyaga na sehemu ya mbele ya kiatu, vidole vikiwa vimeelekea kidogo nje, goti liwe juu ya mguu na sio limeanguka ndani. Goti likiangukia ndani utasikia maumivu siku hiyohiyo jioni.

Kabla ya mguu lakini kuna macho. Mpangilio ni macho, kichwa, mabega, ndo mguu. Ukiinuka kwanza alafu ndo uanze kutafuta mpira uko wapi utakuwa umesimama unaangalia upande mbaya, na kusimama hivyo ni hasara kuliko kubaki chini. Geuza kichwa uuone mpira, mabega yafuate yaelekee kule, hapo mguu ukisukuma unakupeleka sehemu sahihi. Ukisukuma kabla mabega hayajageuka unaenda mbele au unatoka nje ya mstari wako na goli unaliacha nyuma.

Mikono nayo. Ukiwa kwenye magoti usiweke mkono chini kujisukumia, wala usishike goti lako kama mzee anayeinuka kwenye mkeka, mikono ibaki mbele ya kifua, stiki ikiwa karibu na ardhi. Ukiweka mkono chini huo mkono hauokoi tena. Kifua kiwe juu, ukikunja mgongo uzito wote unaenda mbele na miguu haiwezi kufanya kazi, ndo maana unaona mtu mwenye mapaja makubwa anashindwa kuinuka na kijana mwembamba anainuka mara moja.

Kuanguka kwa ubavu ni habari nyingine na sisi wa uwanjani tunaanguka hivyo sana. Tuseme umejirusha kulia, umelalia ubavu wa kulia. Mguu wa chini, wa kulia, ukunje uingie chini yako, ule wa juu wa kushoto urushe mbele ukanyage, mkono wa chini unaruhusiwa kusukuma kidogo kwa kiwiko, na kwa mwendo uleule unajikuta goti moja chini mguu mmoja umekanyaga. Hapo uko tayari tena hata kama hujasimama wima. Hilo goti moja ndo kituo chako, wengi wanakiruka wanataka kusimama moja kwa moja, wanapoteza muda. Na usianguke chali. Kipa aliyelala chali ana safari mbili, kwanza ageuke ubavu, ndo aanze kuinuka. Ukijirusha hakikisha bega na nyonga vinafika chini kwa ubavu na kifua kinaangalia mpira.

Alafu kuna wakati usiinuke kabisa. Mpira ukiwa karibu hivi kwamba mguu wako unaufikia, upige teke ukiwa palepale chini, tupa mguu, tupa stiki, zungusha mwili. Dominik Hasek wa Cheki alikuwa bingwa wa hii, alijulikana kwa kugaagaa chini na kuokoa kwa kitu chochote cha mwili, na Olimpiki ya Nagano 1998 kwenye nusu fainali na Kanada alizuia mikwaju yao yote 5 ya penalti na Cheki wakaenda kuchukua dhahabu. Hakuwa anakimbilia kusimama, alikuwa anakimbilia kuwa mbele ya mpira. Ila kwetu kumbuka sheria, kipa haruhusiwi kuulalia mpira, ukiulalia refa atapuliza. Kwahiyo: mpira unafikika, pigana chini. Mpira umepasiwa pembeni ndani ya D (lile eneo la nusu duara mbele ya goli), panda goti moja. Mpira umetoka nje ya D, simama kabisa na ujipange, maana goli halihesabiwi mpaka mshambuliaji auguse mpira ndani ya D, hivyo hapo una sekunde za kupumua.

Kwenye penalti kona, ile kona ya adhabu inayoanzia mstari wa goli, uko na walinzi wanne tu, nyinyi watano, na mara nyingi mpigaji wa kwanza hatafuti goli, anatafuta ulale ili mwenzake aumalizie kwenye nguzo ya mbali. Ukiamua kulala kwa urefu, amua kabla upande upi utaangukia na uwaambie walinzi, ili huyu wa nguzo ajue upande gani ni wake wakati wewe unapanda. Na ongea wakati unainuka! "Toa! toa!" hata kama hujauona vizuri, walinzi wetu wanapenda kusimama kuangalia kama na wao ni watazamaji. Kwenye zile penalti za kuamua mshindi, mshambuliaji mmoja na kipa peke yao, sekunde 8 kuanzia mstari wa mita 23, mshambuliaji anasubiri ushuke. Ukishuka na magoti yote mawili amekumaliza. Shuka na goti moja, lile la upande anaoenda, mguu mwingine ubaki umekanyaga tayari kusukuma.

Mazoezi sasa. Anza bila pedi. Piga magoti, mwenzako asimame mbele anyooshe kidole kushoto au kulia, wewe geuza kichwa na uinue mguu wa mbali, rudi chini, tena. Polepole kabisa mpaka usikosee mguu, ndo uongeze kasi, ndo uvae pedi, ndo mwenzako aanze kurusha mpira. Kila raundi iwe fupi, sekunde sita mpaka nane za moto, alafu upumzike kama nusu dakika au zaidi. Makocha wengine wanawapeleka makipa mpaka watapike wakidhani ndo ukakamavu, lakini kipa aliyechoka anajifunza kuinuka polepole, na mwili unakumbuka hiyo polepole. Fanya mwanzo wa mazoezi ukiwa fresh, sio mwisho.

Nyumbani piga lanji (unapiga hatua ndefu na kukunja goti) za mbele na za pembeni, kuruka kutoka kwenye magoti mpaka kuchuchumaa (kama magoti hayana shida), na usisahau kinena, lala ubavu mguu wa juu ukiwa juu ya benchi, inua nyonga ukae hapo sekunde kadhaa. Kinena ndo kinachochanika kwa makipa kuliko misuli mingi na watu hawakifanyii kazi mpaka kianze kuuma.

Pedi zenyewe zinaweza kukulaza. Klabu nyingi tunavaa pedi moja kwa zamu, mrefu na mfupi, na mikanda anaiacha vile mwenzake alivyoifunga. Usikubali. Pedi ikiwa imelegea inazunguka ukishuka na unakanyaga juu yake ukitaka kupanda, ikibana nyuma ya goti huwezi kukunja. Funga vizuri kwenye shavu la mguu, legeza kidogo juu ya goti, chuchumaa mara mbili kabla ya kuingia uwanjani, kama inapanda mpaka tumboni ni ndefu kwako. Na wale wa shule ambao uwanja ni udongo mwekundu wenye changarawe, kujirusha kufanyieni kwenye majani au mtandike godoro kuukuu, hilo la magoti mnaweza kufanya popote mradi mna pedi. Goti likivimba pumzika mpaka uvimbe uishe, na ukipigwa kichwani ukasikia kizunguzungu toka uwanjani siku hiyo hata kama ni fainali na hakuna kipa mwingine.