Somo: Namna ya kumwonjesha mtu zilipendwa asizikimbie

Mwaka juzi nilimtumia mpwa wangu nyimbo 43 kwa mkupuo. Wiki ikapita, nikamuuliza kazionaje. "Mjomba, kwani zile si wimbo mmoja?" Kosa langu. Tangu siku hiyo ninakwenda hivi.

Hatua ya 1. Toa mmoja tu. Chagua kwa kumwangalia anayepewa. Anayependa gitaa mpe Les Wanyika, "Sina Makosa". Anayependa kisa mpe Marijani Rajabu. Wa tarumbeta mpeleke Sikinde, yaani bendi ya Mlimani Park.

Hatua ya 2. Mwelekeze sikio. Hapa ndipo tunapowapoteza wengi. Dansi la zamani huanza na mashairi, taratibu, mtu anaeleza shida zake mpaka amalize. Halafu gitaa linageuka, waimbaji wanapisha ala, na watu wanaacha soda zao mezani. Hiyo ndiyo chemko. Kijana wa leo anaruka wimbo sekunde ya 40, chemko haijabandikwa hata jikoni! Kwa hiyo mimi huandika: "Vumilia hadi dakika ya 4, kisha tega sikio kwa gitaa la rithimu, lile linalojirudia chini ya solo." Atasubiri, angalau apate kuhakikisha kama namdanganya.

Hatua ya 3. Ongeza kumbukumbu yako, sentensi mbili zinatosha. Mimi husimulia kaseti ya kaka yangu, tuliyoirudisha nyuma kwa kalamu ya Bic ili tusimalize betri. Katikati ya wimbo mtangazaji anaingia kutaja saa, maana kaka alirekodi kutoka redioni. Msimcheke. Bendi nyingi za Tanzania zilirekodi studio za RTD, yaani Redio Tanzania Dar es Salaam, na si kila wimbo uliobahatika kutolewa kwenye santuri. Kaseti za namna hiyo ni hazina.

Hatua ya 4. Vipindi vya zamani vya runinga navyo vina masharti yake. Mkenya atakutajia vichekesho vya Vitimbi na Vioja Mahakamani bila kufikiri. Kwao runinga ilianza 1962. Zanzibar walipata yao 1974, tena ya rangi. Bara tulingoja hadi miaka ya 1990, ndiyo maana rika langu linakumbuka michezo ya redio zaidi ya sura za waigizaji. Kipindi cha zamani usimtumie mtu akatazame peke yake. Mzee Ojwang wa Vitimbi anataka pembeni awepo mmoja wa kuanza kucheka.

Maswali ya wanachama

*Wimbo nilioupata mtandaoni unakatika pale tu gitaa linapokolea. Faili ni bovu?*

Si bovu. Santuri ndogo ya mizunguko 45 ilibeba dakika chache kila upande, hivyo wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili: mashairi upande A, chemko upande B. Aliyeuweka mtandaoni alisahau kugeuza santuri. Tafuta jina lilelile na "sehemu ya 2".

*Mzee wangu ni shabiki wa bendi ya Msondo damu, mimi wa mahasimu wao Sikinde. Nampendekezea nini bila kununiwa?*

Mpe mwimbaji Gurumo au Bitchuka. Wote wawili wameimba kote kuwili. Ila usitaje bendi mpaka umwone anatikisa kichwa.

*Nina kaseti za marehemu babu, zina ukungu. Nizicheze tu?*

Hapana! Ukungu utachafua kichwa cha redio na kuhamia kwenye kaseti nyingine. Ziweke pakavu, umtafute fundi anayejua kusafisha tepu kabla ya kuzihamisha kwenye kompyuta.

*Mimi nina miaka 19. Naweza kumtumia bibi muziki wa sasa kwa utaratibu huohuo?*

Unaweza, na usiache kutaja sekunde. Mpwa wangu alinilipizia kwa singeli moja, akaandika: "Vumilia Mjomba, sekunde ya 20." Nimeisikiliza mara tatu. Bado namtafuta mpiga besi.