Kuoshana miguu nyumbani Alhamisi Kuu, mkiwa na watoto wadogo

Juma Takatifu likikaribia, mdogo wangu hunipigia simu akiuliza afanye nini na wanawe, mmoja wa miaka mitatu na mwingine wa sita. Pasaka anaimudu, kuna shangwe na nyimbo. Ijumaa Kuu ni nzito kwa mtoto wa umri huo. Humwambia nguvu zake aziweke Alhamisi, maana jioni ile Yesu alifanya jambo ambalo mtoto anaweza kulifanya vilevile, kwa mikono yake mwenyewe, hapo hapo sebuleni.

Habari yenyewe iko Yohana 13. Mathayo, Marko na Luka wanasimulia mkate na kikombe, Yohana anasimulia beseni na kitambaa. Mkate na kikombe waachieni kanisani. Kuleni chakula chenu cha kawaida na msikigeuze kuwa komunyo ya kuigiza, kwa sababu baadaye mtoto atashindwa kutofautisha.

Hatua ya 1: Saa

Katikati ya mlo. Yohana anasema Yesu aliinuka wakiwa chakulani, na kwa watoto hiyo ndiyo saa nzuri kuliko zote: mtoto aliyemaliza nusu sahani hana njaa tena, na usingizi bado haujamchukua. Mkingoja mpaka vyombo vioshwe mmechelewa.

Hatua ya 2: Vifaa

Beseni pana, jagi, taulo ndogo kwa kila mtu, na taulo moja ndefu ya kujifunga kiunoni yule anayeosha. Wekeni na tambara la kudekia karibu.

Jagi ni la lazima, hapo sibishani na mtu. Wengi huchovya miguu ya familia nzima kwenye beseni moja, na ikifika zamu ya mtu wa tatu maji ni ya baridi, yana uchafu, na mwenye fangasi ameshawagawia wenzake. Maji yamiminwe kutoka kwenye jagi, beseni liwe la kuyapokea tu. Yawe vuguvugu, na uyapime kwa kiwiko, kwa sababu viganja vilivyozoea kushika sufuria havisemi kweli. Maji ya moto ya kuongezea yabaki jikoni.

Sabuni hapana. Mtoto akiona povu anajua ni wakati wa kuoga, na ataketi ndani ya beseni. Mishumaa nayo, kwa wenye watoto wa chini ya miaka mitano, acheni.

Hatua ya 3: Simulizi

Msisome sura nzima. Jitayarishe kwa aya ya 4 hadi ya 9, kisha ya 12 hadi ya 15, halafu simulia kwa maneno yako: njia za vumbi, viatu vya wazi, kazi ya kuosha miguu ni ya mtumishi, na hapo Mwalimu mwenyewe anavua vazi lake na kujifunga kitambaa. Petro anakataa katakata. Akielezwa, anageuka na kutaka aoshwe mikono na kichwa pia. Watoto hucheka hapo, waache wacheke.

Mtoto wa miaka sita na kuendelea anaweza kukuuliza kama Yuda naye alioshwa. Mjibu ndiyo. Kwa mtiririko wa Yohana, Yuda anatoka nje kwenye aya ya 30, kuosha kulikuwa kumeshakwisha. Usiongeze mahubiri juu ya jibu hilo, linamtosha kulala nalo.

Hatua ya 4: Nani anamwosha nani

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na kosa huwa moja: mama anapiga magoti na kumwosha mtoto. Lakini mtoto mdogo huoshwa na mama kila siku. Jana ameoshwa mwili mzima, leo miguu tu, sasa jipya liko wapi? Mitume walishtuka kwa sababu aliyeinama ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Mshtuko huo ukikosekana, mmefanya maandalizi ya kulala.

Kwa hiyo jiulizeni: ndani ya nyumba hii, ni nani ambaye watoto hawajawahi kumwona amepiga magoti mbele ya mtu mwingine? Huyo ndiye aanze. Mara nyingi ni baba, au babu kama magoti yanamruhusu. Na wa kwanza kuoshwa awe yule ambaye siku zote ndiye anayewaosha na kuwafulia wengine: mama, bibi, au msaidizi wa kazi za nyumbani.

Huyo wa kuoshwa aambiwe mapema, faraghani. Akishtukiziwa mezani atavuta miguu kwa aibu, watu wataanza kucheka, na mambo yataharibika. Msaidizi wa nyumbani hasa anahitaji kuulizwa kwa heshima na kupewa nafasi ya kusema hapana bila mtu kununa. Kuna mtu ambaye kwake tajiri yake kumshika miguu ni mzigo mwingine wa kubeba, na hapo anayepata raha ni tajiri peke yake.

Baba naye aambiwe: asitanie, na simu ibaki chumbani. Sipendi picha za jioni hii. Mtu anayesubiri apigwe picha huwa ameshaacha kuosha.

Ainuke bila tangazo, ajifunge taulo, apige magoti. Asieleze kitu. Watoto wataacha kutafuna wenyewe.

Mzazi aliye peke yake na watoto ageuze mpango: mkubwa wa watoto amwoshe mdogo wake, yule anayemwamrisha kutwa nzima, kisha mdogo amwoshe mzazi. Mpango huu naupenda kuliko hata ule wa baba, kwa sababu mtoto wa miaka sita anajua vizuri sana cheo chake juu ya ndugu yake.

Na kwa vyovyote vile watoto waoshe pia, wasiwe wa kuoshwa tu. Yesu alimaliza kwa kuwaambia wafanyiane hivyo hivyo. Kwa mtoto wa miaka mitatu tia kwenye jagi maji kiasi cha kikombe, ulishike kwa chini akiwa anamimina. Usimharakishe. Ataweka kidole kwenye ufa wa kisigino cha babu yake na kuuliza kama unauma. Babu amjibu ukweli.

Kufuta kunataka muda kuliko kuosha. Futeni kati ya vidole, kimoja kimoja. Mtoto mwenye mtekenyo ushike mguu wake kwa kiganja kizima, kwa nguvu kidogo. Ukimgusa kwa ncha za vidole atapiga teke, na beseni litamwagika.

Anayekataa kuoshwa msimlazimishe, wala msimtishe kwa lile jibu alilopewa Petro, kwamba asipooshwa hana shirika na Bwana. Petro alikuwa mtu mzima aliyekaa na Yesu siku nyingi. Mpe mtoto kazi ya kugawa taulo. Mara nyingi atanyoosha mguu wake mwishoni, wakati wote mmemaliza, kwa hiyo maji kidogo yabaki kwenye jagi.

Wapo wanaouliza kama wanaooshwa lazima wawe wanaume na kama lazima wawe 12. Nyumbani hakuna sharti hilo. Hata kwa Wakatoliki, Papa Fransisko aliwaosha miguu vijana 12 katika gereza la watoto la Casal del Marmo, Roma, mwaka 2013, na wawili kati yao walikuwa wasichana. Januari 2016 utaratibu wa Misa nao ukabadilishwa, wanawake wakaruhusiwa kuwa miongoni mwa wanaooshwa. Familia za Waadventista Wasabato zina urahisi wao: kwao kuoshana miguu hutangulia Meza ya Bwana, hivyo mtoto huenda ameshawaona watu wazima wakifanya.

Hatua ya 5: Kuvua meza

Katika kanisa Katoliki, baada ya Misa ya jioni ile altare huvuliwa vitambaa vyake, na kengele zilizopigwa kwenye wimbo wa Utukufu hunyamaza mpaka Mkesha wa Pasaka. Watoto wafanye hivyo kwa meza yenu: kitambaa, maua, mapambo, vyote viondoke. Glasi ziondoke kwanza, maana kitambaa watakivuta. Vichezeo vyenye kengele viingie kabatini, na Ijumaa msikubali kubembelezwa mvitoe.

Kwa wanaokwenda Misa

Mageuzi ya Papa Pio wa XII ya mwaka 1955 yaliirudisha Misa ya Karamu ya Bwana jioni, kwa hiyo huenda ikagongana na mlo wenu. Usijaribu kufanya yote mawili usiku mmoja, watoto watalia kanisani. Oshaneni miguu kwenye mlo wa mchana, muachie hatua ya 5 mkirudi. Mkiwa kanisani, kaeni upande ambao watoto wataona, na umwambie mkubwa amwangalie padre kwenye kufuta. Wengi hupitisha taulo juu juu tu, na mtoto aliyefuta kati ya vidole vya babu yake mchana huo hawezi kulikosa hilo.