Namna ya Kupima Mvua Kubwa Tanga kwa Ajili ya Utafiti

Anza kabla ya masika, yaani kabla ya Machi, kwa kuweka vipimamvua katika mstari unaotoka pwani ya Tanga mjini, kupitia Muheza, hadi Amani katika Usambara Mashariki. Mstari huo ndio kiini cha kazi, kwa sababu upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupandishwa na milima, ukapoa na kumwaga mvua, na tofauti ya vipimo kati ya pwani na mlimani ndiyo itakayoonyesha mchango wa milima yenyewe.

Kila kipimamvua kikae wima mahali pa wazi, mbali na mti au nyumba kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa mti au nyumba hiyo. Kivuli cha mwembe humfaa mpimaji, si kipimo. Soma kila siku saa 3:00 asubuhi na uandike hata sifuri. Milimita 1 ni sawa na lita 1 kwa kila mita ya mraba.

Hata hivyo, jumla ya siku haitoshi: milimita 60 zilizonyesha usiku kucha si sawa na milimita 60 za saa moja, hivyo pata angalau kifaa kimoja kinachorekodi kila dakika 10.

Kwa upande wa utabiri, linganisha rekodi zako na joto la uso wa bahari. Katika vuli ya 2019, magharibi mwa Bahari ya Hindi palikuwa na joto kuliko mashariki yake, na Afrika Mashariki ikapata mvua nyingi mno.