Kupiga picha za yangeyange na mnandi kwenye mng'ao wa ziwa bila kuziunguza

Wadau wa picha wa Mwanza, ndege wa maji tunao hadi wanatukera pale Mwaloni Kirumba wakigombea mabaki ya samaki, shida yetu ni mwanga. Maji yanameta, yangeyange mweupe pee, mnandi mweusi tii, kamera inachanganyikiwa.

Iko hivi, kamera haijui unampiga yangeyange, yenyewe inapima fremu nzima halafu inataka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Sasa yangeyange akisimama mbele ya magugu maji au maji ya kivulini, kamera inaona giza tupu, inaongeza mwanga, mwisho unapata doa jeupe lisilo na unyoya hata mmoja. Hapo shusha mwanga kwa kile kitufe cha + na − cha kamera, anza na −1. Mnandi ni kinyume chake, kajipanga juu ya jiwe kakunjua mabawa anakausha, nyuma yake ziwa linawaka, usipopandisha +1 au zaidi unatoka na kivuli tu. Maji yataungua, yaani yatatoka meupe tupu, yaache yaungue, hakuna aliyekuja kuangalia maji.

Jua likiwa kali bila wingu mimi naenda manyuali moja kwa moja, yaani napanga kila kitu mwenyewe: aiso (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 400, uwazi wa lenzi f/8, shata (muda wa kuingiza mwanga) sekunde 1/3200 kwa ndege mweupe. Jua ni lile lile hata ndege akihama kutoka kwenye maji akaenda kwenye jabali, sasa seting ibadilike kwa nini? Kwa mnandi teremsha shata hadi 1/800, basi. Halafu angalia histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha, giza kushoto na weupe kulia, ikigonga ukuta wa kulia punguza, ile picha ya kwenye skrini ukiwa juani usiiamini hata kidogo.

Mdiria ndiye msumbufu, yule wa madoa meusi na meupe anayening'inia hewani akipigapiga mabawa kabla hajajitupa majini. Linda ule weupe wake kwanza, weusi utauinua baadaye kama umepiga faili ghafi (RAW), ile ambayo kamera haijaichakata. Shata isishuke chini ya 1/2500, fokasi weka ya kufuatilia, na umlenge pale anaponing'inia, akishaanza kushuka ndo ushachelewa.

Suala la saa sasa. Mji wetu uko mashariki mwa ghuba, kwa hiyo ukisimama ufukweni Capri Point ukatazama ziwani asubuhi, jua liko mgongoni kwako, raha tupu. Linachomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, ila tuko karibu na ikweta aisee, linapanda wima, ikifika saa tatu ule mwanga laini umeshakwisha. Mchana hewa juu ya maji inachezacheza kwa joto na hakuna lenzi ya bei yoyote inayotibu hilo. Asubuhi tamu kuliko zote ni ile iliyofuata radi za usiku, wingu zito bado limelala upande wa magharibi na jua linatokea mashariki, yangeyange akikatiza mbele ya lile wingu jeusi we bonyeza tu.

Jioni jua linazama ng'ambo, upande wa Kamanga, yaani linakuja usoni. Usipambane nalo, piga kivuli: pima anga pembeni ya jua, funga hiyo seting, halafu tafuta ndege mwenye umbo, korongo au fundichuma, sio bata aliyejikunyata. Subiri shingo na mdomo vikae kiubavu, la sivyo huwezi kujua ni ndege gani.

Ukiwa kwenye boti ya kwenda kisiwa cha Saanane shata isishuke chini ya 1/1600 hata kwa ndege aliyetulia, maana wewe ndiye unayeyumba.

Wa simu, gusa ndege kwenye skrini, shikilia, kikitokea kile kijua kivute chini mpaka manyoya yaonekane. Zuumu ya kidijitali achana nayo, kata picha baadaye.